Dume la Ulaya na Jike la Shangazi

Baba yangu alishuka kwenye lori pale Mtinko siku ya mnada akiwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwapo mbwa ambaye watu walimpisha wakidhani ni ndama. Sitii chumvi. Mgongo wake ulifika kiunoni kwa baba, na baba hakuwa mfupi. Dereva wa lori, Mwislamu wa mjini, alikuwa amekataa katakata kuketi na mbwa, kwa hiyo baba alisafiri nyuma kutoka Singida, juu ya magunia ya chumvi, amemkumbatia mnyama asianguke, na vumbi limewapaka wote wawili rangi moja. Bado akashuka kifua mbele. Mimi nilikuwa nimetumwa kumpokea mizigo. Nilipouona mzigo wenyewe nikajibanza nyuma ya akina mama wauza vibuyu, nikajifanya simjui.

"We binti!" akaniita mbele ya mnada mzima. "Njoo umwamkie mgeni!"

Watu wakacheka. Nikaenda, nikampa baba shikamoo yake huku nimeinamisha kichwa, na yule mgeni akanilamba mkono mzima mpaka kiwiko. Nilikuwa msichana wa kuolewa wakati ule, na pale mnadani walikuwapo vijana ambao nilitaka wanione kwa namna nyingine kabisa.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya ile vita kubwa ya pili, na baba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa idara ya barabara mjini Singida. Mzungu alikwenda likizo kwao Ulaya, likizo zao zile za nusu mwaka, akamwachia baba mbwa kwa kuwa mbwa alimzoea baba kuliko mtu mwingine yeyote. Mpishi ndiye mwenye mifupa. Aliacha na maagizo. Mbwa ale nyama. Anywe maziwa. Alale ndani, maana fisi wa kwetu wangeweza kumjeruhi. Kwa hiyo jitu lile lenye kifua cha ndama lililala ndani ya tembe letu, chumba kimoja na sisi wasichana, likikoroma, na vijibwa vyetu vilivyokonda ndivyo vilivyolala nje kupambana na hao fisi. Mtu akituuliza mbwa wa Ulaya anafanya kazi gani, mama alisema kazi yake ni kula.

Agizo moja baba alilisimulia kila jioni mbele ya wazee waliokuja kumtazama mbwa. Alisimama, akatia mikono mifukoni kama bwana wake, akasema kwa Kiswahili cha kizungu: "Wewe hapana patia yeye mke kidogo. Mbwa ya kwenu kidogo sana. Mbaya. Mbaya sana!" Wazee walishika mbavu kwa kucheka. Halafu baba aliketi, uso ukabadilika.

"Mnamsikia? Hata mbwa wake hataki achanganye damu na sisi."

Na watu waliamini. Hata mimi niliamini. Baba alimpikia yule mtu kila siku, lakini chai yake mwenyewe aliinywea kwenye kopo, nyuma ya jiko. Hospitali wazungu walikuwa na wodi yao, kwenye treni walikuwa na behewa lao, hata makaburini walikuwa na upande wao. Mtu aliyefungiwa milango yote hiyo, ukimwambia usiguse hiki, hawazi kwamba labda kitamuunguza. Anawaza kwamba ananyimwa.

"Anabania mbegu tu," baba alisema. "Lakini sasa yuko mbali. Meli yake iko baharini huko."

Hapo ndipo shangazi yangu anapoingia, na hapo ndipo ninapotamani habari hii ingekuwa ya ukoo mwingine.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, na mahari yake ndiyo iliyomwoa mama yangu. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: ng'ombe walioingia kwa ajili ya dada ndio waliotoka kwa ajili ya kaka. Ng'ombe wale walikaa zizini kwa babu msimu mmoja tu, wakapelekwa kwa wazazi wa mama, na sisi tukazaliwa. Shangazi alinitania tangu nikiwa mdogo. "Miguu hii," alisema, "imetoka kwa yule ng'ombe wangu mwekundu. Na huu mdomo wako umetoka kwa yule aliyekuwa akikamuliwa anapiga teke." Nilimpenda sana.

Mume wake alikufa bila kupata naye mtoto, na mdogo wa marehemu akataka kumrithi kama desturi. Shangazi akakataa. "Nina nyumba yangu, nina jembe langu. Kwake kuna wake wawili, mimi nikawe wa tatu, kwa njaa gani?" Wazee wakakaa, wakabishana, mwishowe wakamkubalia kwa sharti. Angekaa kwenye nyumba ya marehemu pamoja na mbuzi wa marehemu, maadamu anaweza kuwalinda. Mbuzi wakianza kuliwa na fisi, basi yeye na mbuzi wangehamia kwa shemeji yake, na maneno yangekuwa yamekwisha.

Alikuwa na mbwa mmoja wa kumsaidia, jike jekundu, dogo, kimo cha chungu cha ugali. Lakini masikio! Fisi akikohoa ng'ambo ya mbuga, yule jike alishaamka, anazunguka ua wa minyaa mara huku mara kule, anabweka kama mbwa wa ukoo mzima, mpaka shangazi atoke na kijinga cha moto. Hakupigana na fisi hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kumwamsha mwenyewe mapema, na tangu msiba hakuliwa hata mwanambuzi mmoja. Kila mtu alijua kwamba shangazi anaishi kwake kwa sababu ya kale kajike.

Baba naye alijua. Ndiyo maana alitaka kumfanyia wema.

"Dada," alimwambia, tukiwa tumeketi uani kwa shangazi na dume la Ulaya limelala kivulini, "mke wangu ni ng'ombe wako, na sijakulipa kitu mpaka leo. Jike wako akizaa na huyu, utakuwa na mbwa ambao fisi mwenyewe atawapa shikamoo. Shemeji yako hatapata tena pa kusemea."

Shangazi akamtazama dume, mate yanamchirizika. Akamtazama jike wake, ambaye angeweza kupita chini ya tumbo la dume bila kuinama.

"Mdogo wangu, huyu si ataniulia mnyama?"

"Atamuua vipi? Kwani fahali hampandi mtamba?"

"Na mtamba aliyekufa na ndama tumboni hujamwona?"

"Huyo ni ng'ombe, dada. Ng'ombe anazaa mmoja, anajaza tumbo lote peke yake. Mbwa anazaa wengi. Watagawana nafasi, kila mmoja atatoka mdogo. Wakishatoka ndiyo wakue."

Ilikuwa hoja ya kueleweka. Sisi ni wafugaji. Tulijua ng'ombe, tulijua mbuzi, na kwa kuwa tulijua hao tulidhani tunajua kila chenye miguu minne. Hakuna aliyewahi kuona mbwa akishindwa kuzaa, kwa sababu mbwa wetu wote walikuwa wa kimo kimoja. Shangazi alimkuna jike wake shingoni. Halafu akasema sawa. Nadhani alikubali kwa sababu mdogo wake alikuwa amekuja na zawadi, na hakutaka kumrudisha mikono mitupu.

Siku jike alipokuwa tayari, baba hakutaka jambo lipite kimya. Aliita watu! Dume alikuwa mrefu mno na jike mfupi mno, kila walipowekwa pamoja ikashindikana, na wanaume wakaanza kutoa ushauri kama wako barazani. "Mchimbieni dume shimo!" "Aah, mpandisheni jike kwenye kichuguu!" Wakakubaliana kichuguu. Na nani amshike jike? Mimi, kwa kuwa alinizoea. Kila nilipompelekea shangazi maji alinipokea njiani. Nikapiga magoti nyuma ya kichuguu, nimemshika kichwa, mbele ya wanaume wa rika la baba na vijana wao, wanacheka, wanapiga miluzi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jike alilia. Alijaribu kuingiza kichwa kwapani kwangu ajifiche. Nikamwambia, "Tulia, tulia, kidogo tu," kana kwamba nilikuwa najua ninachokisema.

Mama peke yake hakuja. Alikuwa anatwanga uwele nyumbani, na alitwanga kwa nguvu mpaka watu wakamsikia kule kichuguuni. Nilipopita jikoni baadaye hakuniangalia. "Kanawe mikono kabla hujagusa chombo changu," alisema. Kisha akaongeza, akiwa bado ameshika mchi, "Baba yako amevaa miwani ya mbao."

Tumbo lilipoanza kuonekana, baba akawa mtu wa furaha tupu. Alikwenda kumpapasa jike kila mara. "Wamejaa humu!" alitangaza. "Wamejaa tele!" Watu wakaanza kuweka oda: huyu anataka dume, yule anataka jike, mzee mmoja akaahidi mwanakondoo. Kisimani wasichana wenzangu waliniita binti wa mbwa wa Ulaya, na mimi nisijifanye malaika, kichwa kilinivimba. Kijana mmoja wa jirani, ambaye zamani alinipita kama gogo, akaanza kuja kwetu eti kuulizia habari za watoto wa mbwa. Nikawa namjibu kwa maringo, kama vile mimba ile nilikuwa nimeipanga mimi.

Lakini kadiri tumbo lilivyokua, jike alipungua. Mgongo ulichomoza mifupa, miguu ikamtetemeka. Mwishoni hakuweza tena kuzunguka ua. Alilala mlangoni anahema, masikio bado yanasimama, lakini miguu haimwinui. Asubuhi moja shangazi akakuta mwanya kwenye minyaa, na damu, na mbuzi mmoja hayupo. Baada ya siku chache akaondoka mwingine, mwenye mimba.

Shemeji akaja. Sipendi kumsema vibaya yule mzee, maana hakuwa mkorofi. Aliketi kwenye kigoda, akapokea maji, akanywa, akasema, "Shemeji, mbuzi wa kaka wameanza kupungua." Basi. Kabla ya kuondoka akakata matawi ya miiba akauziba ule mwanya kwa mikono yake mwenyewe, kama mtu anayetengeneza kilicho chake. Hilo lilimtisha shangazi kuliko kama angetukana.

Jioni ile alikuja kwetu, akaketi na mama jikoni, akamwambia baba, "Niazime huyo dume wako alale kwangu mpaka huyu wangu azae. Hata asipobweka. Fisi wanuse tu harufu yake."

Baba akajikuna shingo. "Dada, akiumwa na fisi nitamwambia nini bwana? Nitafukuzwa kazi."

"Kwa hiyo wangu ndiye aumwe."

"Sijasema hivyo."

"Kweli, hujasema," shangazi akakubali, akainuka kuaga. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika bakuli la maziwa ya dume. Kila jioni nilimpelekea mimi. Shangazi akaliona bakuli. Aliniaga vizuri kabisa, kama siku zote, akashika njia. Uso uliniwaka mpaka masikioni. Dume akanywa maziwa yake, akapangusia pua kwenye nguo yangu, akaenda kulala ndani.

Uchungu ulimwanza jike asubuhi, saa ambayo watu wanakwenda shamba. Shangazi alinituma nikamwite mama, tukawa wanawake watatu kwenye kivuli cha tembe. Shangazi alikuwa na mikono ya kuzalisha mbuzi. Watu walimfuata kutoka mbali mbuzi wao akikwama. Alijipaka samli, akaingiza vidole, akatulia kama anayesikiliza.

"Kichwa," alisema. "Ni kama ngumi ya mwanamume."

Hawakuwa wengi. Hawakugawana nafasi. Walikuwa wawili tu humo ndani, na kwa kuwa walikuwa wawili, kila mmoja alikuwa amenenepa apendavyo, na mlango wa kutokea ulikuwa ule ule wa jike wa kimo cha chungu. Alisukuma mpaka jua likafika utosini, akapumzika, akasukuma tena bila sauti, akimtazama shangazi tu. Mimi nilimshika kichwa, kazi ile ile niliyopewa kule kichuguuni, na safari hii hakujaribu kujificha kwapani kwangu. Mchana shangazi akamvuta wa kwanza, amekufa, kichwa kipana kama cha baba yake. Wa pili akamvuta jua likianza kushuka, na huyo alikuwa hai, akalia mara tu hewa ilipomfikia. Damu ikafuata, na haikukatika. Mama akaleta vitambaa, akaleta dawa ya mizizi, akaleta kila alichokijua. Jike akamlamba mtoto mara moja, akalaza kichwa kwenye kiganja changu, na kikawa kizito.

Shangazi hakulia. Alikaa chini na mikono yake ile yenye damu, ameiacha wazi mapajani. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Ingekuwa jike ndiye mkubwa na dume ndiye mdogo, leo hakuna ambaye angekufa." Shangazi akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jambo rahisi namna hiyo, na kijiji kizima chenye mifugo hakuna aliyeliwaza.

Ndipo baba akafika. Mchana kutwa alikuwa amepotea, eti anamtembeza dume la bwana. Akasimama. Akamtazama jike, akamtazama yule mtoto anayelialia kwenye kitambaa, akamwinua, akamgeuza.

"Lakini huyu mzima, dada," alisema. "Tena ni dume!"

Mungu wangu! Nimezeeka, nimezika watu, nimesemwa hadharani na mama mkwe, lakini aibu kama ile sijaiona tena. Si kwamba baba alikuwa katili. Angekuwa katili ningemchukia nikapumzika. Alikuwa anatafuta kitu cha kumpa dada yake, akatazama huku na huku, na hicho ndicho alichokiona.

"Kamlee wewe," shangazi alimwambia. "Mimi nina mbuzi wa kulinda."

Akawalinda, kadiri alivyoweza. Alihamia zizini, akalala katikati ya mbuzi na kijinga cha moto na debe la kugonga, na mchana tulimkuta shambani anasinzia juu ya jembe. Nilikwenda kulala naye, mpaka baba akanikataza. Binti wa kuolewa halali zizini, watu watasema nini. Jirani mmoja akampa mbwa wake mkubwa wa umri, lakini mbwa mtu mzima ana kwao, kulipopambazuka alisharudi. Fisi hawahitaji kuambiwa. Walijua ua ule umenyamaza. Mbuzi wakaendelea kupungua, na kila mmoja aliyeondoka, nilimwona shangazi amezidi kuinama kidogo.

Wazee wakakaa tena, uani kwa shangazi. Shemeji hakusema mengi. Zizi lenyewe lilisema. Shangazi akawasikiliza wote mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Kama nyumba hii imenishinda, mimi nina kwetu. Nitarudi kwa mdogo wangu."

Watu wote wakamgeukia baba. Kwetu mjane asiye na mtoto, aliyekataa kurithiwa, akirudi kwao, upande wa mume hudai ng'ombe wao. Na ng'ombe wenyewe walikuwa wapi? Walikwisha kuwa mama yangu. Walikwisha kuwa mimi na wadogo zangu. Baba angetakiwa kuondoa zizi lake lote, na huenda lisingetosha. Alikuwa ameshika kofia yake, kofia kuukuu aliyopewa na bwana wake. Akaizungusha vidoleni, akaizungusha tena.

"Dada," alisema hatimaye, "kwa shemeji hutapata taabu."

Mama alikuwa ameketi na wanawake wengine. Akainuka, akajitwika mtungi, akaenda kisimani, na mtungi ulikuwa umejaa. Nilimfuata kwa macho kwa sababu sikuweza kumtazama shangazi.

Alihama kabla ya mvua. Nilimbebea vyungu. Hakuzungumza juu ya mbwa, wala juu ya baba; alizungumza juu ya mbegu zake za maboga, kwamba zile za maboga ya shingo ndefu alizozifukia karibu na mlango niende nikazichukue nizipande mimi. Nilisema ndiyo shangazi, ndiyo shangazi, njia nzima.

Mzungu naye akarudi. Baba akamrudisha dume mjini, amenenepa, na akamsimulia bwana wake kisa chote. Sijui kwa nini. Nadhani alitaka mtu amkaripie. Mzungu akasema, "Mimi nilisema mbaya," kisha akauliza kama mbwa alipata kupe. Baba alituhadithia hayo mara moja tu, bila kuigiza sauti, na hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule mzungu alikuwa anatuonya kweli, na huenda papo hapo alikuwa anatudharau. Alifanya yote mawili kwa mkupuo, na sisi tulisikia dharau peke yake kwa sababu ndiyo tuliyoizoea.

Yule mtoto wa mbwa alikua. Nilimlea mimi, kwa maziwa ya mbuzi na kitambaa, nikimlisha huku nimegeuza uso, kisha bila kugeuza. Na baba alikuwa amesema kweli, hilo ndilo linaloniuma. Mvua zilipokwisha mbwa alikuwa mkubwa kuliko wote wa Mtinko, kifua cha baba yake, masikio ya mama yake. Akibweka, fisi walibadilisha njia. Watu wakaja na mwanakondoo, wakaja na asali, na baba akakataa wote.

"Huyu ni wa dada," alisema.

Jumapili moja tukampeleka, baba na mimi. Kwa shemeji palikuwa na ua mpana wenye nyumba tatu, na ya shangazi ilikuwa ile ndogo kando ya zizi. Tulimkuta anapepeta uwele wa watu wote. Alikuwa amekonda. Mbuzi wake walishachanganywa na wengine, nikawatafuta kwa macho nisiweze kuwatenga. Lakini alifurahi kutuona, kwa kweli alifurahi, akaacha ungo akanishika mashavu, akamwuliza baba habari za mgongo wake.

Baba akamsogeza mbwa mbele. "Nimekuletea, dada. Nilikuahidi."

Mbwa akamnusa shangazi miguu, akamnusa mikono, akakawia hapo kwenye mikono. Shangazi akamshika sikio moja. Akalipitisha vidoleni, taratibu, kutoka chini mpaka ncha, akatabasamu, na mimi nikasema moyoni, basi, japo kidogo kimerudi. Nikamsikia baba anashusha pumzi.

Shangazi akaliachia sikio. Akajipangusa mkono kwenye kaniki yake.

"Amekuwa mzuri sana," alisema. "Kaeni kwanza. Ngoja nikamwombe mwenye nyumba, kama ataniruhusu kuwa na mbwa."

Akaenda. Tulimwona akivuka ule ua mpana, mwanamke mtu mzima, dada mkubwa wa baba yangu, akafika mlangoni kwa shemeji yake, akapiga magoti, akaanza kusema huku ameinamisha kichwa. Baba na mimi hatukuwa na pa kuweka macho, tukabaki tunamtazama mbwa.